Miji ya Mawe ya Kilwa: Karne Tisa za Biashara na Ibada

Jina la Kilwa limebebwa na miji mitatu: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Kila mmoja ulishika nafasi ya uliotangulia pale njia za biashara au matakwa ya watawala yalipobadilika. Anayeitembelea kwa mpangilio huo, kisha akashuka kusini hadi Lindi na Mikindani, huisoma historia ya pwani nzima katika kuta, misikiti na makaburi.

Utajiri wa Kisiwani ulitokana na upepo na dhahabu. Kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, ulileta vyombo kutoka Gujarati, Ghuba ya Uajemi na Arabuni. Kusi, unaoanza Aprili, ukavirudisha. Kilwa iko karibu na ukomo wa safari ambayo chombo kiliweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe iliteremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikapitia Kilwa na kutozwa ushuru. Masultani wakapiga sarafu zao za shaba, na mojawapo imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kutoka Gujarati zililetwa nguo za pamba na shanga za akiki, na kutoka China vyombo vya kaure ambavyo vigae vyake bado vinaokotwa kisiwani.

Mali hiyo iligeuzwa jengo la ibada. Kisiwani, sehemu ya kwanza ya Msikiti Mkuu ilijengwa kwa mawe kati ya karne ya 11 na ya 12. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kuelekea kusini, akauezeka kwa kuba na matao. Vifaa vilitoka palepale pwani. Matumbawe yaliyotolewa baharini yalichongwa yakiwa bado laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Mawe mengine yalipangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa hadi yakawa chokaa. Boriti za mikoko zilibeba dari za nyumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya miji hii ni virefu na vyembamba: upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti.

Sultani huyohuyo alijenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari. Ndani yake kuna birika la kuogelea lenye pembe nane, nyua zilizozungukwa na vyumba, na ngazi zinazoteremka hadi ufukweni. Jengo hilo halikukamilika. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta al-Hasan akitawala na kumsifu kwa ukarimu wake kwa masikini na wageni.

Kusini ya Kisiwani kuna Songo Mnara, mji uliostawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16. Umebakiza misikiti mitano, kasri na nyumba za mawe zaidi ya 30 ndani ya ukuta. Chini ya sakafu ya nyumba mojawapo wanaakiolojia walifukua sarafu za Kilwa zaidi ya 300 zilizozikwa pamoja, na kati yake ushanga wa akiki. Fedha ya pwani na pambo la ng'ambo vilikuwa vimewekwa katika shimo moja.

Mwaka 1505 manowari za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliuvamia mji wa Kisiwani na kuupora. Wareno walijenga ngome wakaihama mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuvurugika. Ngome iitwayo Gereza, inayoonekana leo ufukweni, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya karne tatu baadaye. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba wa kumuuzia Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara ya watu ikachukua nafasi ya dhahabu.

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia bara, Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Makumi ya maelfu ya watu walipitishwa hapo wakiwa minyororoni kupelekwa Unguja. Forodha za pwani zilikodishwa kwa matajiri wa Kihindu kutoka Kutch, hasa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo mawakala wake Wabaniani walikusanya ushuru bandarini. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 Sultani Barghash wa Unguja akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Pembe za ndovu, mpira na nafaka vikaendelea kupita Kivinje.

Wajerumani waliiteka Kivinje mwaka 1890, wakajenga boma linalokabili bahari. Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara aliyeongoza upinzani, alinyongwa mjini humo mwezi Novemba 1895. Miaka kumi baadaye vita ilizuka katika vilima vya Umatumbi. Tingi, iliyo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, ndipo inapoanzia barabara ya Kipatimu, na njia hiyo ndiyo inayopandisha kuelekea Nandete, ambako Maji Maji ilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa. Ndani ya siku chache wapiganaji walishambulia Samanga, kituo cha pwani chenye maduka ya Wahindi. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti.

Kusini zaidi, Lindi na Mikindani zilikua kwa biashara ileile ya misafara. David Livingstone aliteremka Mikindani mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho, na Wajerumani walijenga boma hapo mwaka 1895. Katika wilaya ya Kilwa, Waingereza walihamishia makao ya serikali Kilwa Masoko, na Kivinje ikapoteza shughuli zake.

UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mawimbi, mvua na mizizi ya miti viliyadhoofisha hadi yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004. Baada ya kuta kukarabatiwa na fukwe kukingwa, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kivinje haimo katika urithi huo. Nyumba zake za ghorofa, boma lake na makaburi yake ni ushahidi mkubwa wa karne ya 19 katika pwani hii, na kuta hizo zinaendelea kuanguka. Kazi iliyookoa Kisiwani imethibitisha kwamba matumbawe na chokaa vinatengenezeka, na Kivinje inastahili mkono huohuo kabla kuta zake hazijaisha.