Mgongo wa mama wa kantini

Shule imebana ndiyo maana nimepotea. Leo siongelei boom wala mitihani.

Jana mchana nilimkuta mama anayetupikia kantini ameegemea meza, kashika kiuno.

"Shikamoo mama, pole."

"Marahaba mwanangu. Sufuria la maharage hilo. Wala sikuanguka, niliinua tu."

Eti niliinua tu! Neno hilo likanipeleka hadi maktaba.

Kumbe mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yanayoletwa na kazi. Waoka mikate wamo, wapagazi wamo. Akawasihi madaktari wenzake wamuulize mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani?

Sheria zilichelewa mno. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mkataba wa kuzuia mizigo inayohatarisha afya. Pendekezo lililoandamana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na kwa mwanamke pungufu sana.

Wapimaji nao wakaja na hesabu zao. Mwaka 1981 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilianzia kilo 40. Mwaka 1991 ikashusha hadi 23. Na hizo 23 ni pale kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini sakafuni, hujipindi, na unashikika vizuri. Mikono ikienda sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, kiwango kinakatwa nusu, kilo 11.5.

Sasa turudi kantini. Sufuria likitoka motoni nani atalikumbatia? Lazima ulishike mbali na tumbo. Jiko lenyewe liko chini, kwa hiyo unainama. Lita 20 za maharage tu ni kama kilo 20, bado sufuria lenyewe. Mpagazi wa sokoni angecheka, lakini mgongo haucheki.

Mama akienda zahanati atapewa dawa ya maumivu. Akiulizwa lile swali la Ramazzini atajibu, "Napika tu." Basi, yameisha.

Leo asubuhi mimi na mshikaji wangu wa rumu tulimteremshia sufuria. Watu wawili, hata dakika haikuisha. Kesho zamu ya nani?

Haya, nina test saa mbili. Alamsiki.