Mjabutikaba

Mjabutikaba (Plinia cauliflora) ni mti wa matunda wenye asili ya kusini-mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Minas Gerais na São Paulo. Uko jamii moja na mpera, mzambarau na mkarafuu. Maua yake meupe na matunda yake meusi hutoka moja kwa moja kwenye shina na matawi makubwa, hata gome lisionekane msimu ukikolea.

Kuukuza kwa mbegu kunataka subira. Mbegu haivumilii kukauka: ikianikwa kama mahindi hufa. Hivyo hutolewa kwenye tunda bivu, huondolewa nyama yote na kupandwa mara moja. Huchipua baada ya mwezi mmoja hivi, na mbegu moja huweza kutoa miche kadhaa kwa kuwa hubeba viinitete zaidi ya kimoja. Kwa kawaida miche hiyo hufanana sana na mti mama, jambo linalompunguzia mkulima kubahatisha. Hutaka udongo wenye asidi kidogo na unyevu wa kudumu. Kwenye udongo wa chokaa majani hugeuka manjano, kwa hiyo ardhi ya matumbawe si mahali pake.

Mti hukua polepole mno, na mara nyingi huanza kuzaa baada ya miaka 8 hadi 15. Wasioweza kungoja hutafuta miche iliyobebeshwa. Tunda lenyewe huanza kuchacha siku 3 au 4 baada ya kuchumwa, ndiyo maana ni adimu masokoni nje ya Brazili, na mengi huishia kuwa jemu, divai au pombe kali.