Kutuliza Moyo

Mama akimsikia mtoto wake analia gizani, hamwambii kwanza ya kwamba hapana chui wala mwizi. Humwambia, "Nipo," na mtoto hunyamaza. Kumfariji mtu ni kwa aliyekwisha kupatwa na msiba. Kumtuliza moyo ni kwa yule aogopaye jambo asilolijua. Na nguvu ya kutuliza, naona mimi, haimo sana katika maneno, bali katika kuwapo kwake anenaye.

Watu wa Dar es Salaam waliliona jambo hili Januari 1964. Alfajiri ya tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo yaitwa Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara zaidi, na maofisa wao Waingereza waondolewe. Wakaingia mjini wakashika mahali penye nguvu, hata Rais Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa ikawabidi kujificha. Wezi nao wakapata nafasi: maduka ya Wahindi na Waarabu yakavunjwa, na watu wakafa. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyewaendea askari kusema nao (kazi hiyo yataka moyo), tena akawaambia watu redioni ya kwamba Serikali ipo.

Walakini Mwalimu yu wapi? Swali hilo lilikuwa moja pande zote mbili za Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Mwenye duka na mchukuzi wake waliogopa mamoja.

Jioni ya tarehe 21 sauti yake ikasikika redioni. Lakini sauti yaweza kutoka popote. Basi siku ya pili yake akatoka, akazunguka mjini kutazama hasara, na watu wakamwona kwa macho yao. Wala hakusema ya kwamba hapakuwa na neno; alikiri kuwa ni fedheha kwa taifa.

Alfajiri ya tarehe 25 askari wa Kiingereza walishuka kwa helikopta karibu na Colito, wakawanyang'anya waasi silaha. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba. Kama angaliwaambia watu siku tatu kabla ya hapo ya kwamba yote yamekwisha, nani angalimsadiki aliposema tena redioni siku ile, kueleza kwa nini amewaita?