Kabla Useme GPU Imekufa

Februari 2023 nilikuwa nimesimama kwa kibanda cha fundi hapa Voi, kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, nikaambiwa maneno mawili tu: "GPU imekufa."

Fundi hakuwa na ubaya. Aliwasha mashine, akafungua gemu, dakika ya nne skrini ikawa nyeusi, akatikisa kichwa. Halafu akasema akinisaidia sana ataichukua kadi kwa shilingi 2,000 atoe spea. Mimi niliinunua 17,000, na haikuwa imemaliza miezi miwili kwangu.

Sasa elewa hiyo 17,000 ilikuwa nini. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla. Mamangu anauza mboga zinazoshuka kutoka Wundanyi, na nilikuwa nimemwahidi kwamba hii kompyuta ni kazi, si mchezo. Kuedit video, kurekodi gemu, mambo kama hayo. Kila asubuhi ananiuliza kama "ile kazi" imeanza kulipa. Kwa hivyo kusikia imekufa haikuwa habari ya gemu. Ilikuwa habari ya mimi na mama.

Nikarudi nayo nyumbani. Kitu kimoja kilinisumbua: yule fundi alisema haraka sana. Hakupima chochote. Alisema kama mtu anayesema msemo. Nikaanza kujiuliza huo msemo ulitoka wapi, na hapo ndipo nilipoingia shimo la historia ambalo sijatoka mpaka leo.

Kuna wakati ulikuwa ukweli mtupu. Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kukataza risasi ndani ya vifaa vya elektroniki. Risasi ni sumu, sheria ilikuwa na maana. Lakini kwa miaka mingi lehemu ya kushika chipu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, inayeyuka kwa digrii 183 hivi, na ni laini, inavumilia. Iliyokuja badala yake inayeyuka karibu digrii 217 na ni ngumu zaidi. Chipu ikipata moto inatanuka, ikipoa inajikunja, na kitu kigumu kikikunjwa kila siku kinapata ufa. Viwanda vilichukua muda kujifunza.

Ikawa ni miaka ya vilio. Julai 2007 Microsoft walitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa sababu ya Xbox 360 zilizokuwa zikiwasha taa nyekundu na kugoma. Julai 2008 NVIDIA nao wakasema watatenga kati ya dola milioni 150 na 200, kwa sababu baadhi ya chipu zao za laptopu zilikuwa na udhaifu kwenye malighafi za kuzifunga. Na kabla ya hapo kulikuwa na balaa la kapasita, zile pipa ndogo kwenye madabodi, zinavimba kichwa kama mandazi na kuvuja. Mwaka 2005 Dell walitenga dola milioni 300 kwa shida hiyo. Sasa jiulize, kompyuta za ofisi za Ulaya na Marekani zikizeeka huwa zinaenda wapi? Si zinakuja mtumba? Zikaishia kwa saiba na shule zetu.

Fundi aliyejifunza kazi 2008 au 2009 alikutana na mashine za kizazi hicho kila siku. Skrini nyeusi ikija mezani, kusema GPU imekufa ilikuwa ni busara. Hapo ndipo ilianza ile dawa ya moto: unapuliza chipu na bunduki ya hewa moto, au unaiweka kadi kwa oveni, inafufuka. Wiki mbili baadaye inakufa tena, na mteja ashalipa. Moto ulikuwa unasukuma ufa ukagusana kidogo tu. Nimesikia mtu wa Mwatate aliyejaribu na jiko la makaa na sufuria. Kadi ilitoa moshi, sufuria ikanuka mwezi mzima.

Lakini kadi yangu si ya 2007. Hii ina hadithi nyingine.

Mnakumbuka 2021, kadi za grafiki zilivyokuwa ghali kama pikipiki? Watu walikuwa wanazinunua kwa mafungu kuchimba Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo, uchimbaji wa kadi ukaisha siku hiyohiyo. Duniani kote kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Yangu naamini ilikuwa mojawapo, kwa bei niliyopewa na kwa vile feni zake zilivyokuwa zimechoka.

Na hapa wacha nilalamike kidogo kama mtu wa Voi. Mzigo ukishuka bandari ya Kilindini unasafiri kilomita 160 hivi, unapita hapa kwetu, kwa reli au kwa lori, haugeuzi hata shingo. Unaenda Nairobi. Halafu mimi namtumia muuzaji wa Nairobi pesa, anafunga kadi kwa katoni, anaipa basi, inarudi kilomita zaidi ya 300 mpaka stendi ya Voi. Imepita mlangoni kwangu ikaenda kuongezwa bei. Reli ya Waingereza ilikuwa imeshatupita kufika Tsavo mwaka 1898, na tangu hapo kazi yetu imekuwa kuangalia mabehewa. SGR imeanza kubeba abiria 2017, ina stesheni nzuri hapa, lakini kontena bado hazitujui.

Turudi kwa mashine. Nilianza na sauti. IBM walipotoa PC yao Agosti 1981 waliweka kispika kidogo ndani, kwa sababu kama skrini haifanyi kazi, kompyuta itakuambiaje ina shida gani? Italia. Mlio mmoja mfupi, mambo shwari. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, shida iko upande wa picha. Miaka zaidi ya arobaini baadaye madabodi nyingi bado zinaelewa lugha hiyo, ila nyingi zinakuja bila kispika. Nikatoa kimoja kwa kompyuta mfu, nikachomeka. Mlio mmoja mfupi. Mashine yenyewe ilikuwa inasema kadi iko sawa, na hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Pili, draiva. Nilifuta zote nikiwa safe mode, nikaweka upya. Hakuna tofauti. (Kwa wadogo zangu: kabla kebo ya SEACOM ianze kazi Julai 2009, draiva ilikuwa CD. Kaka zetu wa saiba walitembea na mfuko wa CD kama mganga na mkoba wake. Leo unapakua draiva ukingoja chai ichemke na bado unalalamika.)

Tatu, joto. Hapa nilidhani nimeshinda. Voi ni joto, na vumbi letu jekundu mnalijua, linaingia hata kwa friji. Nikafungua kadi, kati ya mapezi ya kupoozea kulikuwa na blanketi la vumbi. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikabadilisha pesti iliyokuwa imekauka kama udongo wa Februari. Joto likashuka kutoka digrii 86 hadi 71. Nikafungua gemu nikiimba. Dakika ya tano, giza. Na safari hii niliona kitu ambacho sikuwa nimekitilia maanani: haikuwa skrini tu. Kompyuta nzima ilizima na kujiwasha upya.

Kadi iliyokufa kweli mara nyingi inakuonyesha kabla hata Windows ifike: mistari, vidoti vya rangi, herufi zilizopinda. Yangu ilikuwa safi kama kioo mpaka gemu ianze kuisukuma. Mtu mgonjwa hivyo? Huyo si mgonjwa. Huyo ana njaa.

Nikapanda matatu na kadi kwenye begi, Voi, Mwatate, zile kona za kupanda Wundanyi, mpaka kwa binamu yangu. Tukaichomeka kwa mashine yake. Saa tatu za gemu, haikutikisika. Lakini Wundanyi mtu anavaa sweta mchana, kwa hivyo sikujua ni baridi imesaidia au ni mashine. Nikamwomba saplai yake ya umeme. Alikataa. Nikamwambia nitamwachia simu yangu kama dhamana. Akakubali haraka kiasi cha kuudhi.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, jua la Voi likiwa limekaa juu ya mabati, saplai ya binamu ndani ya mashine yangu. Dakika tano. Ishirini. Saa moja. Kadi ilikuwa hai muda wote huo.

Sasa chukua saplai yangu ya zamani, soma kibandiko. Kwa herufi kubwa: wati 500. Chini, kwa herufi za mchwa: laini ya volti 12, ampia 16. Zidisha mwenyewe, 192. Kadi yangu peke yake inaweza kuvuta wati 150, prosesa 65. Hiyo ni 215 kabla hujahesabu diski na feni. Zile wati zingine waliziokota kwenye laini za volti 5 na 3.3, halafu wakajumlisha na matumaini.

Na hii pia ni historia. Intel walipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, kompyuta ilikula zaidi kutoka volti 5 na 3.3. Kadi kama GeForce 256 ya mwaka 1999 ilitosheka na umeme wa sloti yake, haikuhitaji waya wa ziada. Mwaka 2000 Pentium 4 ikaja na kiu, ikaongezwa waya wake wa volti 12, na tangu hapo kila kitu kikubwa, prosesa na kadi, kimehamia laini hiyo. Viwanda vya bei rahisi havikuhama kabisa. Vinaendelea kuoka saplai zenye mgao wa zamani, zinabandikwa namba mpya, zinauzwa pamoja na kasha la taa za rangi. Nilikuwa nimeweka kadi ya juzi kwenye jikoni la miaka ya tisini.

Usisahau umeme wenyewe unaofika ukutani. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, nchi nzima ikazima kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, tulicheka. Ila kupotea kwa umeme si hatari kama kurudi kwake, unaporudi ukiruka. Saplai dhaifu ndiyo hupokea ngumi hiyo ya kwanza. Na ukinunua mtumba kutoka Marekani angalia nyuma kama kuna swichi nyekundu imeandikwa 115. Isogeze hadi 230 kabla hujachomeka, la sivyo utasikia mlipuko.

Saplai ya mtumba, nzito, ya ampia za kweli, ilinigharimu 3,500. Simu nikairudisha kutoka Wundanyi, betri imeisha na picha za binamu 140 ndani. Video ya kwanza iliyonilipa nilitoa Mei. Mama hakusema kitu, alinunua tu nyama siku ya Jumatano.

Nilirudi kwa fundi, si kumshtaki. Nilimpa ile saplai aipime kwa mkono. Akaishika, akacheka: "Hii ni maboksi, kijana." Nikamwonyesha herufi ndogo. Akavaa miwani, akapiga hesabu kwa simu, akanyamaza kidogo. Akaniambia alianza na laptopu Mombasa 2009, na miaka hiyo chipu walikuwa wanazipuliza moto kutoka asubuhi hadi jioni. Nikamuuliza ni kadi ngapi amenunua kwa 2,000 mwaka huo. Akaangalia kabati lake.

Tulizijaribu jioni hiyohiyo kwa saplai yangu mpya. Zilikuwa sita. Nne ziliwaka. Ile saplai nyepesi bado iko juu ya meza yake, ameiandika kwa kalamu nyeusi nene: 192.