Uturuki na Ulaya: mwananchi naye ana kiti?

Kila tukikaa barazani baada ya Alasiri, Uturuki haikosi kutajwa. Huyu karudi Istanbul na mzigo wa nguo, yule anafuata tamthilia zao kwenye televisheni. Kisha huja swali: mbona Umoja wa Ulaya hauwachukui? Jibu la haraka huwa ni lile lile: kwa sababu ni Waislamu.

Sikatai kwamba dini imo. Wapo wanasiasa wa Ulaya waliolisema hilo hadharani. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, kwani Albania, ambako Waislamu ndio wengi, ilianza mazungumzo yake ya uanachama mwaka 2022. Basi natuitazame safari yenyewe.

Uturuki ilitia saini Mkataba wa Ankara na jumuiya ya Ulaya ya wakati huo mwaka 1963. Mwaka 1987 ikaomba uanachama kamili. Desemba 1999, mjini Helsinki, ikatambuliwa kuwa nchi mgombea, na tarehe 3 Oktoba 2005 mazungumzo yakafunguliwa. Mambo ya kujadiliwa yaligawanywa katika sura 35. Zilizofunguliwa ni 16, na iliyofungwa, tena kwa muda tu, ni moja: ya sayansi na utafiti. Sura nane zilizuiwa mwaka 2006 kwa sababu Uturuki ilikataa kufungulia bandari zake meli za Saiprasi. Sisi watu wa bandari tunaelewa uzito wa jambo kama hilo.

Mapema waliona kwamba serikali kuelewana hakutoshi. Mwaka 2005 Ufaransa iliweka katika katiba yake sharti la kura ya maoni kabla ya kupokea wanachama wa baadaye, sharti lililolegezwa 2008. Maana yake ni kwamba mwananchi wa kawaida, aliyejaa hofu juu ya Mturuki asiyemjua, angeweza kuufunga mlango. Ndipo Juni 2005 Kamisheni ya Ulaya ikatoa mpango wa mazungumzo ya asasi za kiraia baina ya Umoja huo na nchi zinazoomba kujiunga. Ukawa mguu wa tatu wa safari, kando ya mageuzi ya kisiasa na majadiliano ya serikali. Waswahili tumelisema zamani: asiyekujua hakuthamini.

Kwa vitendo, shirika la Uturuki lilitafuta mwenzake katika nchi mwanachama, wakaandika mradi pamoja na kupewa ruzuku. Awamu ya kwanza iligusa manispaa, vyuo vikuu, vijana na vyama vya wanataaluma. Ya pili ikaingia kwenye sanaa na utamaduni, kilimo na uvuvi. Hapo kwenye uvuvi ndipo nilipovutiwa. Mvuvi hana haja ya kufundishwa diplomasia ili azungumze na mvuvi mwenzake kuhusu samaki kupungua.

Lakini kasoro zilikuwepo. Fomu za ruzuku zina urasimu mwingi, na shirika la mji mkubwa lenye mhasibu na mtu wa kuandika Kiingereza huziweza kuliko chama kidogo cha kijijini. Halafu kuna viza. Mazungumzo ya kuwaondolea Waturuki viza yalianza Desemba 2013 kwa masharti 72, na hadi sasa Mturuki wa kawaida anapanga foleni ubalozini. Utamwambiaje mtu njoo tujuane, na mlango umeutia komeo?

Kasoro kubwa zaidi ilitoka nyumbani. Baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 2016, serikali ya Uturuki ilitangaza hali ya hatari, na kwa amri zake vyama na wakfu zaidi ya elfu moja vikafungwa. Osman Kavala, mfanyabiashara aliyejulikana kwa kazi za utamaduni na maelewano, alikamatwa Oktoba 2017. Desemba 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Uturuki yenyewe imekubali mamlaka yake, ilisema aachiliwe. Aprili 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye ameyakana mashtaka hayo.

Ulaya nayo haina la kujivunia. Machi 2016, ilipotaka wakimbizi wazuiwe, makubaliano na Ankara yalipatikana upesi, na mabilioni ya yuro yakaahidiwa. Miaka miwili baadaye viongozi wake wakatamka kwamba mazungumzo ya uanachama yamekwama.

Somo ninaloliona ni hili. Meza ya wakubwa ilipokwama, uhusiano wa watu kwa watu haukufa wote, na hiyo ndiyo faida yake. Ila haukuweza kuwa mbadala wa uhuru. Ukimwalika mtu azungumze na jirani huku nyumbani anaogopa kufungua kinywa, umealika kivuli chake tu.

Nasi yanatuhusu. Somalia, jirani zetu wa ng'ambo ya Kiunga, ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 127, unazitaka nchi kuziwekea asasi za kiraia mazingira mazuri ya kushiriki. Mimi niliwahi kuitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi hapa kwetu. Karatasi za Kiingereza tuligaiwa palepale, wazee wakazikunja kama pepeo, tukatia sahihi, tukapewa soda na nauli. Nilipouliza maoni yetu yatapelekwa wapi, niliambiwa muda umekwisha. Sahihi zetu zikahesabiwa kuwa tumeshirikishwa.

Kwa hivyo mtu akitwambia Jumuiya inataka kutusikiliza, tusiishie kufurahia mwaliko. Tumuulize mambo matatu: karatasi ziko kwa Kiswahili? Mvuvi wa Lamu na mwenzake wa Kismayu wataweza kuvuka wakakutane? Na atakayesema lisilopendeza, atarudi kwake salama?

Wasalaam.