Mahindi ya Mpanda na Pipa Lililokosekana

Katika mwaka wa 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, alijenga ngome Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Na mwaka wa 1890, ngome ikiwa imekwisha kukabidhiwa wamisionari wa Mapadri Weupe, mataifa yaliyokutana Brussels, mji wa mfalme huyo huyo, yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya kuzuia pombe kali isienezwe wala isikenekwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza fundo. Atakaye kujua kwa nini mahindi ya Mpanda, mkoani humo, hayakupata kuwa whiski na aanzie hapo, asianzie jikoni.

Kwa nafaka hatukupungukiwa. Bourbon, whiski ambayo Bunge la Marekani liliitangaza mwaka wa 1964 kuwa kinywaji mahsusi cha nchi yao, sharti itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi; nayo mahindi Katavi yamejaa tele. Tofauti ni pipa. Sheria yao yaamuru pombe ilazwe katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, na humo ndimo ipatamo rangi ya kahawia na harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Mjuzi wake hana haraka: hunusa kinywa kikiwa wazi kidogo, ili ukali usimzibe pua, huonja funda dogo, huongeza matone ya maji, kisha hunusa tena.

Gongo, pombe kali ya kwetu iliyoangukia chini ya makatazo yale, haikujaaliwa wasaa huo, kwani apikaye kwa khofu ya polisi hawezi kulaza kitu miaka miwili. Togwa la mahindi likichacha hupikwa katika pipa la chuma, mvuke ukapita katika bomba lililozamishwa maji baridi, ukatona chupani. Na kilichotona mchana aghalabu huwa kimenywewa kabla ya alfajiri. Hata uonjaji wake ni wa mbio: mnunuzi humimina kidogo katika kizibo cha soda, akawasha kiberiti, na mwali wa buluu ukisimama, basi ameridhika. Kipimo hicho, kwa rai yangu, ni cha hatari, maana methanoli ipofushayo macho nayo huwaka buluu vile vile.

Baada ya uhuru kila serikali ilishika njia yake. Uganda, kwa sheria ya 1965, ilitaka enguli ya vijijini ipelekwe kiwandani kusafishwa, ikazaliwa Uganda Waragi. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka wa 2010. Tanzania, kwa Sheria ya Moshi, yaani ya gongo, ya mwaka 1966, iliwafungulia mlango wenye leseni tu, Konyagi ya Dar es Salaam ikatamalaki dukani, na gongo ikabaki mahakamani.

Ombi langu kwa wabunge wa Katavi ni moja: leseni hiyo na isogezwe hadi kwa mpikaji mdogo, pamoja na mpimaji wa methanoli, kabla hatujazungumza habari ya mapipa.