Saa za James Bond: Thamani i katika uthibitisho

WAKUSANYAJI wa saa za mkononi zinazohusishwa na filamu za jasusi James Bond hutenganisha saa iliyovaliwa mbele ya kamera na ile ya aina hiyo hiyo iliyouzwa dukani.

Katika filamu ya kwanza, Dr. No (1962), Sean Connery alivaa Rolex Submariner. Kuanzia GoldenEye (1995) hadi No Time to Die (2021), Bond alivaa Omega.

Breitling Top Time ya filamu ya Thunderball (1965), iliyobadilishwa umbo ionekane kipima mionzi, ilinunuliwa katika gulio la mitumba nchini Uingereza kwa pauni 25. Mwaka 2013, ikiwa imekwisha kuthibitishwa, ilinadiwa na Christie's jijini London kwa zaidi ya pauni 100,000.

Anayenunua bila uthibitisho hununua saa tu.